Nafasi ya Mama Kwenye Duara

Kila siku ya shule mimi huamshwa na cherehani. Mama ni fundi wa sare za wanafunzi, na meza yake imeegemea ukuta uleule ulioegemewa na kitanda changu. Akianza kukanyaga, nami natikisika. Basi naamka, nakunja shuka, napiga mswaki uani, nabandika maji ya chai, namkagua mdogo wetu kama amelowa, ndipo naoga. Baba ni dereva wa lori la mizigo. Akifika Jumapili, Jumanne ameshaondoka. Kwa kawaida nyumbani tunabaki mama, mimi, na huyo mdogo wetu ambaye wakati huo alikuwa na miezi minane na meno mawili ya kuuma watu.

Mimi wananiita Kasuku. Wanasema nilianza kuongea kabla ya kutembea, na mpaka leo sijanyamaza. Kwa hiyo mama naye ni Mama Kasuku. Dukani, Mama Kasuku. Zahanati, Mama Kasuku. Hata mwalimu mkuu akileta vitambaa hubisha hodi na kuuliza, "Mama Kasuku yupo?" Sikuwahi kufikiri kwamba aliwahi kuitwa kitu kingine. Nilidhani kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa kunizaa mimi.

Haya ninayoyasimulia yananitia aibu, na sitayapamba. Nilimdanganya mama, nikawadanganya na wenzake, na sikuwa na sababu yoyote ya maana.

Mdogo wetu alipozaliwa, cherehani ilinyamaza. Mama alikuwa akikaa robo saa tu, mgongo unamkata, anajishika kiuno na kurudi kitandani. Rili ya uzi ikidondoka, ananiita mimi niiokote. Sare za watu zikalundikana kwenye kiti mpaka kiti hakionekani. Mama hakuchana nywele, hakutaka wageni, alikaa tu akitazama ukuta. Kilichoniogopesha zaidi ni kwamba aliacha kuomba. Mama yangu ni mtu wa dua, asubuhi na jioni hupiga magoti kando ya kitanda chake. Sasa akipiga magoti hakuweza kuinuka mpaka nimvute mkono. Jioni moja nilimsikia akijisemea, "Hata kuomba kumenishinda."

Alipompeleka mdogo wetu kupimwa uzito, muuguzi wa zahanati alimtazama anavyotembea, akamwambia amfuate ndani. Nilikuwepo, nimembeba mtoto. Alimpapasa mgongo, akamwinamisha, akamwinua.

"Dada yangu," alisema, "mgongo huu hauna ugonjwa. Umechoka. Halafu umechoka peke yako, hilo ndilo baya zaidi. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi njoo hapa nyuma. Wenzako wapo."

Wenzake walikuwa kumi na mmoja. Nyuma ya zahanati kuna kiwanja cha udongo mgumu, kando kabisa ya barabara tunayopita kwenda shule. Watoto wachanga walilazwa kwenye mkeka mkubwa, na akina mama wakasimama mistari miwili, kila mmoja na chupa mbili zilizojazwa mchanga. Yule muuguzi hapo hakuwa muuguzi tena, walimwita Kocha, na sauti yake pia ilibadilika.

"Hapa hakuna Mama Fulani," alimwambia mama siku ile ya kwanza. "Watoto wenu nawajua, wengine niliwapokea kwa mikono hii hii. Nataka kukujua wewe. Ulipokuwa msichana walikuitaje?"

Mama alinitazama mimi niliyemsindikiza, kama vile nitamsaidia kujibu. Mwanamke mmoja muuza mboga akasema, "Usiogope, mimi ni Kimbunga." Mpishi wa shule yetu, mama mnene ambaye akicheka sufuria zinalia, akasema, "Na mimi ni Sindano. Zamani nilikuwa mwembamba, ninyi chekeni tu." Wakacheka kweli. Mama naye akatabasamu kidogo.

"Swala," alisema taratibu. "Nilikuwa nakimbia."

Wakainua mikono, wakarusha ngumi hewani, wakachuchumaa na kuinuka mpaka nikahisi magoti yangu yanauma kwa kuwatazama tu. Mama siku ile alichuchumaa mara nne, ya tano akakaa chini kabisa. Hakuna aliyecheka. Kimbunga alimpa mkono, wakaendelea.

Mwisho wakasimama kwenye duara, mikono mabegani. Hii ilikuwa desturi yao. Kwa muda wa pumzi kumi, kila mmoja alimwombea aliye kulia kwake, kimya, kwa imani yake mwenyewe. Asiyekuwepo aliachiwa nafasi wazi, na aliyepakana na hilo pengo aliliombea pengo. Kocha alimweleza mama, "Nafasi yako ni yako. Haizibwi mpaka wewe mwenyewe useme izibwe."

Miezi mitatu baadaye kitanda changu kikaanza kutikisika tena. Mama alikuwa anashona saa mbili mfululizo na kuimba juu yake. Alibeba ndoo. Alipiga magoti na kuinuka bila kunishika, tena siku ya kwanza alipoweza alifanya mara tatu kwa kujifurahisha, akasema, "Kasuku, umeniona?" Aliniambia kwamba sasa anapoomba, anahisi kuna watu wamesimama naye.

Ningepaswa kushukuru. Mimi nikaona haya.

Ilianza na suruali. Mama alichoka kufanya mazoezi na gauni, akajishonea suruali kwa vipande vilivyobaki vya sare. Havikutosha rangi moja, basi mguu mmoja ukawa wa buluu na mwingine wa kijivu. Rangi za shule yetu kabisa! Asubuhi iliyofuata tulikuwa kundi zima tukipita barabarani, na mama yuko mstari wa mbele, anaruka, mikono juu, mguu wa buluu, mguu wa kijivu.

Darasani kwetu kuna mvulana tunamwita Redio, kwa sababu habari ikimfikia yeye imewafikia wote. Redio alisimama, akashika tumbo.

"Kasuku! Mama yako amerudi darasa la sita?"

Watu wakacheka, loo, wakacheka mpaka wengine wakaegemea ukuta. Wakati wa mapumziko Redio alipanda kwenye benchi, akakunja suruali yake mguu mmoja, akaruka huku anahema, "Moja! Mbili! Jamani mgongo!" Nilicheka na mimi. Ndiyo, nilicheka, ili wasijue kwamba nataka kulia. Tangu siku hiyo nikawa nazunguka njia ya nyuma, ndefu na yenye matope, nisipite mbele ya zahanati na wenzangu.

Jumanne moja jioni, Kocha aliniita dirishani kwake. Simu ya mama ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia wiki iliyotangulia, kwa hiyo ujumbe wote ulipitia kwangu.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza vizuri. Nimetoka kuongea na mwalimu mkuu. Ijumaa ni siku ya afya shuleni kwenu, na kundi letu litafanya mazoezi mbele ya wanafunzi wote. Mwambie Swala kwamba wenzake wamemchagua yeye aongoze. Yeye mbele, sisi nyuma. Umesikia?"

Nilisikia. Mama yangu, mbele ya shule nzima, na suruali ile! Nilimwona Redio akisimama juu ya benchi mwaka mzima.

Toka zahanati mpaka kwetu ni mwendo wa dakika kumi. Katika dakika hizo kumi nilitunga uongo wangu, nikauchonga na kuupiga msasa. Nilimkuta mama anatia vifungo.

"Kocha amesemaje leo?" aliuliza bila kuinua macho.

"Amesema wenye watoto wachanga wapumzike kwanza. Eti kwenye mkeka kelele zimezidi. Mtaitwa."

Sindano mkononi mwake ilisimama hewani. "Amesema hivyo? Na mimi pia?"

"Ndiyo, mama."

"Mpaka lini?"

"Hakusema."

Mama akatikisa kichwa polepole, kisha akaendelea na kifungo. Asubuhi yake nilimwahi Kocha kabla hajatoka kwenda kiwanjani, nikamwambia kwamba mama ana kazi nyingi mno, hawezi tena mazoezi, anawashukuru wote.

Kocha alinikazia macho. "Amesema mwenyewe?"

"Amesema mwenyewe."

"Haya," alisema. Alikuwa mnyonge ghafla. Nikaenda shule nikijiona mjanja.

Ijumaa wakaja. Wanawake kumi na mmoja waliingia uwanja wa shule wakikimbia kwa mstari, wanapiga makofi. Nilijiandaa kusikia vicheko, na kweli vilianza, lakini havikufika mbali. Sindano, mpishi wetu, alilala kifudifudi, akajiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, akamwita mwalimu wa michezo alale pembeni yake. Mwalimu alitetemeka, akaanguka. Sindano bado yuko juu! Shule ililipuka kwa makofi. Walipoinua chupa zao wanafunzi wakawa wanahesabu pamoja nao kwa sauti kubwa, na Redio ndiye aliyehesabu kwa sauti kuliko wote.

Mwisho wakafanya duara lao pale katikati ya uwanja. Kati ya Kimbunga na Sindano paliachwa pengo la mtu mmoja. Mwalimu mkuu akauliza pengo lile ni la nini, na Kocha akajibu shule nzima ikisikia, "Ni la mwenzetu aliyekuwa atuongoze leo. Kazi zimemzidi. Tunamwombea."

Redio alinigeukia. Hakuwa na mzaha usoni. "Kumbe mama yako ndiye angeongoza? Sasa mbona hakuja?"

Nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimeogopa kuaibishwa na mama, na sasa nilikuwa naona haya kuliko siku zote nilizochekwa, na mama hakuwepo hata pale.

Mtu mwenye akili angekimbia nyumbani kusema kweli siku hiyohiyo. Mimi nilingoja. Uongo una tabia ya kukuomba siku moja zaidi. Kocha naye wiki iliyofuata alikuwa kwenye kazi ya chanjo mitaa ya mbali, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniumbua.

Mama alijaribu mazoezi peke yake uani, siku mbili. Ya tatu hakutoka. "Peke yangu nachoka haraka," alisema. Cherehani ikaanza kukatikakatika: inalia kidogo, inanyamaza, inalia, inanyamaza. Nilipomwambia aende kumuuliza Kocha, nikitumaini jambo litajimaliza lenyewe, alikataa. "Mtu akikwambia subiri, humgongei mlango. Nina haya zangu na mimi." Jioni nyingine alipiga magoti kando ya kitanda, akakaa sana. Kisha akaita.

"Kasuku. Njoo unishike mkono."

Nikamvuta. Mkono wake ulikuwa mzito. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akajipangusa uso kwa pindo la nguo.

"Unajua, mwanangu, mimi nilidhani wale ni wenzangu. Kumbe pengine waliniona mzigo. Nilikuwa nikisimama pale najisikia mtu. Si mama tu, si fundi tu. Mtu." Akalikunjakunja lile pindo. "Labda hata Mungu alinitazama akasema, huyu ndivyo alivyo, mzembe."

Pale ndipo ningesema kweli, nami sikuisema. Mimi, Kasuku, nisiyewahi kukosa la kusema! Nilienda jikoni nikalia huku nimeshika mwiko, ili nikiulizwa niseme ni moshi. Hata machozi yangu niliyatungia uongo.

Jumamosi asubuhi nilikuwa uani naosha vyombo. Mdogo wetu alikuwa amekaa kwenye beseni tupu akigonga kijiko. Nikasikia miguu, mingi, inakimbia kwa pamoja, ikija kwetu. Moyo ulinifahamisha kabla ya macho. Waliingia mlango wa uani mmoja mmoja, wanahema, wote kumi na mmoja na Kocha mwenyewe mbele, wakasimama wamejipanga baina ya kamba ya nguo na pipa la maji.

"Hodi humu!"

Mama alitoka amejishika kiuno, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alipowaona alijaribu kunyoosha mgongo, ukakataa.

"Karibuni," alisema. Sauti yake ilikuwa na adabu tupu, haina furaha.

"Swala," Kocha alisema, "hatukuja kukulaumu. Mtu huingia na mtu hutoka. Lakini kanuni unaijua. Tumekuachia nafasi yako siku kumi. Tumekuja tusikie kwa mdomo wako, tuizibe au tuiache?"

Mama aliwatazama mmoja mmoja. "Mniulize mimi? Si ninyi mlioniambia nisije?"

"Nani alikuambia usije?"

"Si wewe? Wenye watoto wachanga wapumzike, mkeka una kelele..."

Kimbunga, mwenye mtoto mgongoni palepale, akashangaa. "Wenye watoto wachanga? Na huyu wangu ni mzee?"

Hakuna aliyecheka. Kocha akasema taratibu, "Mimi niliambiwa kazi zimekuzidi na hututaki tena. Nikaambiwa umesema mwenyewe."

Nilikuwa nimeinama juu ya sufuria moja, naisugua, naisugua, ilhali ilishatakata zamani. Sikuinua kichwa lakini nilijua macho yote yako wapi. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale kwenye beseni la vyombo.

Mama naye alinitazama. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alielewa, ndiyo, mama si mjinga. Kisha akageuka kwa wenzake, akacheka kicheko kidogo kibovu, akasema:

"Basi ni mimi. Kichwa changu siku hizi hakishiki. Mtoto alinieleza vizuri, mimi ndiye sikuelewa. Nisameheni, jamani. Nimewasumbua."

Aliwaomba radhi. Mama yangu, aliyeonewa, alisimama na mgongo wake unaouma akaomba radhi mbele ya watu kumi na wawili ili mimi nisiaibike. Nilichokuwa nimeshindwa kumfanyia yeye, yeye alinifanyia mimi bila kufikiri mara mbili. Nilitamani pipa la maji linimeze.

Ningeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa wazi, mama mwenyewe amenifungulia. Lakini nilimwona Sindano akimtazama mama kwa huruma, huruma ile ya kumhurumia mtu asiyejiweza, nikajua kwamba nikinyamaza nitakuwa nimemnyang'anya hata akili zake.

Sufuria ikaniponyoka. "Si kweli!" nilisema, na sauti ikatoka kubwa mno. "Mama hakukosea. Ni mimi. Nilimwambia Kocha uongo na mama nikamwambia uongo. Ijumaa mama ndiye angeongoza, hata hajui. Sikumwambia. Niliona haya. Wanamcheka shuleni, suruali yake, anavyoruka... niliona haya."

Mdogo wetu peke yake aliendelea kugonga beseni lake. Nilikuwa nimesimama na povu mikononi, pua inatiririka, na sikuweza hata kujipangusa.

Mama alikuja mpaka mbele yangu. Nilidhani atanipiga, na ningeona afadhali.

"Waliniteua niongoze?" aliuliza. Hilo ndilo alilouliza kwanza.

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya shule?"

"Ndiyo."

Alifumba macho kidogo. Nilipoona hivyo ndipo nikafahamu ukubwa wa nilichomchukulia, maana hakikuwa kitu cha kurudisha mkononi kama kikombe.

"Kasuku," alisema, wala hakupandisha sauti, "umeona haya mahali pasipo na aibu. Halafu mahali penye aibu, pa kusema uongo, hukuona haya hata kidogo. Mimi kuruka na suruali ya viraka kumemdhuru nani? Mgongo wangu ulipona. Nyumba hii ilikula. Niliweza kusimama mbele ya Mungu wangu kwa miguu yangu. Uongo wako umenirudisha kitandani, na umenifanya niwadhanie vibaya watu wema kama hawa."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusikia. Sasa wageukie hawa."

Nikawageukia, nikaomba radhi. Kocha alinijibu kwa kichwa tu, hakutabasamu, na nilishukuru kwamba hakutabasamu. Kimbunga akasema, "Kusema umesema, mtoto. Ni mwanzo." Kisha Sindano akapiga makofi mawili mazito.

"Haya, tumekimbia njia nzima, misuli inapoa! Swala, tuizibe au tuiache?"

Mama alivua ile futi shingoni, akanitupia. "Izibeni na mimi mwenyewe," alisema, akaingia kati yao.

Wakafanya duara hapohapo uani kwetu, bega kwa bega, wengine wakiinama chini ya kamba ya nguo. Nilirudi nyuma nimshike mdogo wetu, maana hapakuwa mahali pangu. Pumzi kumi. Kimbunga alikuwa kulia kwa mama, kwa hiyo mama alimwombea Kimbunga, na Sindano alimwombea mama midomo ikicheza. Mimi sikujua la kuomba. Nilisema tu, Mungu, ni mimi niliyefanya, mama hakufanya.

Walipoondoka nilijua hayajaisha. Mama aliniketisha kwenye kigoda karibu na cherehani.

"Mwalimu wako mkuu na wanafunzi wote wanajua mimi nilikacha," alisema. "Uongo huo ulitoka mdomoni mwako. Utaufuata na mdomo huohuo."

Jumatatu nilimwendea mwalimu mkuu kabla ya kengele, nikamweleza. Aliniuliza kama niko tayari kusema mbele ya paredi, nikasema siko tayari lakini nitasema. Nilisimama ngazini. Shule nzima ilikuwa inanitazama, na safari hii si kwa kosa la mwingine ila langu. Nilisema kwamba mama yangu hakuzidiwa na kazi, kwamba mimi ndiye niliyeficha ujumbe wake kwa sababu nilimwonea haya, na kwamba sasa ninajionea haya mimi. Wengine waliguna. Msichana mmoja wa darasa la saba alisema "Aibu!" kwa sauti, na alisema kweli.

Redio alinijia wakati wa mapumziko. Nilijikaza, nikimsubiri apande benchi.

"Mimi ndiye niliyeanza," alisema, akikwaruza ardhi kwa kiatu. "Mama yangu mimi hata ngazi hapandi siku hizi, anahema. Unadhani watamchukua?"

"Muulize Kocha," nilimwambia. "Uulize wewe mwenyewe, usinitume mimi."

Akacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Mgongo wa mama haukurudi kwa siku moja. Alirudi mwanzo kabisa, kuchuchumaa mara sita na kupumzika, na kila asubuhi mimi nilikaa kwenye mkeka nikiangalia watoto kabla ya kwenda shule. Kazi hiyo alinipa mama, mwezi mzima, mbele ya kila mpita njia. Watoto tisa, wawili kati yao wanatapika. Sikulalamika.

Baada ya wiki tano mwalimu mkuu akawaita tena akina mama. Mama alisimama mbele, na suruali yake ya buluu na kijivu, akaongoza wenzake kumi na mmoja, pamoja na mmoja mgeni anayehema sana ambaye Redio hakuacha kumpigia makofi. Mama hakuwa mwepesi kuliko wote. Alisimama wima tu, akahesabu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu, na wanafunzi mia nne wakamfuata. Wanafunzi walipopaza sauti "Swala! Swala!" niliita na mimi, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka ile Ijumaa ya kwanza ambayo ilikuwa yake na haitarudi.

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi nimembeba mdogo wetu, yeye amebeba chupa zake za mchanga. Nilikuwa na swali lililonikaa kifuani wiki tano.

"Mama, umenisamehe?"

"Nilikusamehe palepale uani, kabla hujamaliza kusema."

"Kwa hiyo unaniamini tena kama zamani?"

Mama alizihamishia chupa zake mkono wa pili. Angeweza kunidanganya anifurahishe. Hakufanya hivyo.

"Bado," alisema. "Kusamehe ni neno moja, nililisema likaisha. Kuamini ni kama mgongo wangu, mwanangu. Uliuvunja kwa siku moja, utaujenga kwa kila siku kidogo. Leo useme kweli, kesho useme kweli, hata pale unapoona haya, hasa pale. Na usiruke siku."

Nikamwambia, "Sawa, mama." Akanikabidhi chupa moja ya mchanga, nikaibeba mpaka nyumbani.